Masika ya Mashine Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Dada, naanza daftari hili leo, na naahidi kuandika kila kitu, hata kinachoniaibisha, hata kile ambacho Mama atasema hakikuwa na haja ya kuandikwa. Uliniambia kwenye simu, "Usiniambie hamjambo. Nieleze." Basi nitakueleza mpaka uchoke. Masika yakiisha nitampa kondakta wa basi la asubuhi akuletee.

Mvua imeanza wakati wa kipindi cha mwisho. Nilipofika karakana yetu ya uchapaji nikiwa nimelowa, nilimkuta Mama Sharubati mlangoni, mwavuli unachuruzika, mkononi ana chupa ya juisi yake. Lebo yetu ilikuwa imeteleza mpaka chini ya chupa kama soksi iliyolegea.

"Mzee Chapa," alimwambia Baba, "lebo zako zinaogopa barafu."

Baba aliipeleka chupa kwenye mwanga, akaitazama pande zote. "Lebo ni nzima. Gundi ndiyo iliyochoka."

"Mteja hanunui gundi. Anatia mkono kwenye ndoo ya barafu, anatoka na chupa iliyo uchi, ananiuliza hii ni ya nini."

Mama, aliyekuwa anapaka gundi hiyohiyo, alikohoa ili asicheke.

Sasa habari yenyewe. Mama Sharubati amenunua kifaa cha kubandika lebo kwenye chupa. Hakitaki gundi wala karatasi mojamoja. Kinataka stika ndefu iliyoviringwa, inayojibandika yenyewe. Mashine yetu, Kikongwe, haijui kitu hicho; inachapa karatasi moja, inapumua, inachapa nyingine. "Nawapa masika haya," alisema. "Mvua ikiisha joto linaanza, na mimi wakati wa joto sina muda wa kumsubiri mtu."

Hapohapo Shangazi akatoka chumba cha nyuma, kana kwamba alikuwa anangoja zamu yake. "Na mimi niseme langu. Ukumbi huu nusu ni wangu. Muuza matairi haachi kunipigia simu. Mvua ikikatika na kaka yangu bado anafikiria, matairi yanaingia."

"Tutanunua mashine," Baba alisema, kama mtu anayesema tutanunua mkate. Kisha akanitupia bahasha ya broshua za mashine. "Wewe ndiye msomi. Soma, uniambie."

Ndivyo nilivyoingia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimesoma broshua badala ya kufanya zoezi la Kemia. Nakuandikia nilichoelewa, maana nikikiandika ndipo najua kama kweli nimekielewa.

Mashine inayotufaa inaitwa ya flekso. Inatumia bamba laini la mpira au plastiki, lenye maandishi yaliyoinuka kama muhuri, lililovishwa kwenye silinda. Wino hauendi kwenye bamba moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye rola yenye vishimo vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, na wembe mrefu unakwangua uliozidi ili kila kishimo kibaki na kiasi chake tu. Vishimo vinalipatia bamba wino, bamba linagusa karatasi, karatasi inapita kwenye hewa ya moto, inakauka, inaviringwa upande wa pili. Kila rangi ina kituo chake cha namna hiyo. Niliona ni jambo zuri sana, kama foleni isiyo na mtu wa kusukumana.

Nilimweleza Baba wakati wa chakula. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye neno "linagusa."

"Linagusa au linachapa?"

"Wameandika linagusa tu, Baba. Kidogo kabisa."

"Aliyeandika hajawahi kuchapa. Chapa lazima iume karatasi. Ukigeuza nyuma, uisikie kwa kidole."

Unaijua sentensi hiyo kuliko mimi. Ndiyo aliyokuambia siku ulipovua aproni ukaondoka: kwamba mkono wako ni mwepesi mno, unafaa kupaka siagi. Wakati ule nilidhani ana haki, kwa sababu yeye ni Baba na Kikongwe alikuwa anamtii yeye peke yake. Sasa ninapomwangalia Kikongwe namwona vingine. Rola zake zimelika upande mmoja. Baba asipokaza spana mpaka atoe jasho, herufi za kushoto hazitoki kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Karatasi zimevimba kwa unyevu na Kikongwe anazitafuna. Mwalimu wa Kemia naye ameniuliza zoezi liko wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeona mashine ya kwanza. Kuna mtu mwenye kiwanda cha mifuko ya karatasi anayeuza yake ya zamani. Ni ndefu kwenda juu. Vituo vya rangi vimepandana kama vitanda vya bweni, na karatasi inapanda na kushuka katikati yake. Mwenyewe alisema inachapa mifuko usiku na mchana na haijawahi kumwangusha.

Nilimuuliza, "Rangi tatu zikichapwa, kila moja inakaa mahali pake hasa?"

"Karibu na mahali pake," alisema.

Nikaandika hivyo: karibu. Kwenye mfuko wa unga, karibu inatosha. Lebo ya Mama Sharubati ina mstari mwembamba wa kijani uliozunguka herufi za rangi ya chungwa, na pale "karibu" ni makosa yanayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Waliwasha. Mita za kwanza za karatasi zilitoka safi, niliziona kwa macho yangu. Kisha Baba akasema, "Subiri kwanza," akashika gurudumu la kukazia bamba. Akazungusha. Akazungusha tena. Herufi zikaanza kutoka zimenenepa, zina midomo myeusi pembeni, na tumbo la kila herufi "a" limejaa wino.

"Umeona?" aliniambia. "Mashine mbovu."

Tulirudi kwa miguu kwenye matope. Nimeweka kipande cha karatasi ile ndani ya kitabu cha Fizikia ili kisikunjike.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Mama ameshikamana na kikombe chake cha chai kwa gundi. Hakuna jipya.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja muuza mashine mwenyewe, yule wa broshua. Tunamwita Bwana Broshua, na sasa nadhani anajua. Ana viatu vyeupe, katika matope haya. Alikalia kiti chako, akamweleza Baba habari za mashine moja tu, ile kubwa yenye ngoma katikati. Vituo vyote vya rangi vimeizunguka ngoma moja kama watoto waliozunguka sinia.

"Hii, mzee, ni mashine ya watu wakubwa."

Macho ya Baba yaling'aa. Nilikuwa na maswali yangu kwenye kiganja, nimeyaandika kwa kalamu.

"Samahani, ngoma ni ya kazi gani hasa?"

"Karatasi inakumbatia ngoma. Haichezi. Rangi zinakaa palepale."

"Hiyo si kwa sababu ya plastiki nyembamba, ile inayovutika? Sisi tunachapa stika nene. Stika haivutiki."

Alinitazama, akamgeukia Baba. "Binti yako anauliza kama mkaguzi."

"Nimemtuma mimi," Baba alisema, na nilifurahi kwa muda wa kama kumeza mate, kwa sababu aliendelea, "lakini hiyo ngoma nimeipenda."

"Leo mnachapa stika," Bwana Broshua alisema. "Kesho je?"

Tangu saa ile Baba hasemi kitu kingine. Kesho je. Mama alipomwambia bati la jikoni linavuja, alijibu kwamba ni lazima tufikirie kesho. Mama alisema yeye anaomba tufikirie leo, maana leo ndiyo inayodondokea kwenye sufuria.

Nilipata nafasi ya kuuliza mambo mengine wakati Bwana Broshua anafuta viatu. Mashine anayoiona inafaa lebo, alikiri kwa sauti ya chini, ni ile ambayo vituo vimefuatana sakafuni kama mabehewa. Ni nyembamba, inaingia kwenye ukumbi wetu bila kubomoa ukuta, na mwishoni ina kisu cha kukata umbo la lebo hapohapo. Wino wa maji hukauka polepole siku za mvua, kwa hiyo tudai kikaushio chenye moto wa kutosha. Na kama chupa zitakaa kwenye barafu, tuweke kituo cha mwisho cha vanishi ili wino usibambuke.

"Kwa nini hukumwambia Baba hayo?"

"Hakuniuliza," alisema.

Jumamosi, 15 Machi

Muuza matairi amekuja kupima ukumbi. Alipita katikati yetu na utepe wake tukiwa kazini, akamwomba Mama ainue miguu. Shangazi alimshikia ncha ya utepe. Alimshikia, Dada, mbele ya Baba, huku akitafuna kijiti cha meno. Baba alimkaza Kikongwe mpaka kikapasuka kitu ndani.

Simpendi Shangazi leo. Nimeandika na sitafuta.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Kikongwe ametengenezwa kwa waya.

Jumamosi, 22 Machi

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Tulikwenda kwenye ukumbi wa maonyesho wa Bwana Broshua, Baba na mimi na Shangazi. Mashine mbili zilikuwa zimefungwa tayari kwa majaribio: ile ya mabehewa na ile ya ngoma. Tulipeleka mchoro wa lebo ya Mama Sharubati mapema, wakatengeneza bamba la rangi moja, la kijani, kwa kila mashine. Kulikuwa na fundi kijana kiasi, mwenye subira kama ya muuguzi.

Tulianza na mabehewa. Fundi aliweka bamba, akalisogeza taratibu mpaka likagusa. Lebo zilianza kutoka. Mimi nilisogea mbele, na moyo wangu ulikuwa umeanza kutulia, nikasikia, "Subiri kwanza."

Fundi alisema, "Mzee, hapo panatosha. Ukikaza sana bamba linalala chini."

"Kijana, nilianza kuchapa wewe hujazaliwa."

"Sikatai, mzee. Ila hii haitaki nguvu."

"Hakuna mashine isiyotaka nguvu."

Alizungusha. Herufi zikanenepa, zikaota midomo. Baba akachukua lebo, akapitisha kidole gumba nyuma yake, akatikisa kichwa. "Hata nikikaza, nyuma hakuna kitu. Na mbele imechafuka. Hii ni mashine gani?"

Tukaenda kwenye ngoma, ile ya watu wakubwa, ile ya kesho. Yaleyale. Alikaza, ikachafuka, akasikitika kweli, nilimwona, kama mtu aliyealikwa mahali akafika akakuta hakuna watu.

"Basi," alisema. "Zote mbovu."

Bwana Broshua na fundi waliangaliana. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, begi lake mapajani. Njia nzima ya kurudi Baba alieleza jinsi vyuma vya siku hizi visivyo na uti wa mgongo. Mvua ilikuwa kubwa hata hatukusikiana vizuri, na nilishukuru.

Nimeweka vipande viwili vya leo pamoja na kile cha kwanza.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna mvua. Kila mtu shuleni amefurahi kwa sababu tumecheza mpira wa pete. Mimi nilitazama juu kipindi chote. Sikuwahi kufikiri nitaomba mvua iendelee.

Jumatano, 26 Machi

Imenyesha tena, alhamdulillahi.

Leo kwenye Fizikia mwalimu alirudia jambo ambalo hulirudia kila mara: ukitaka kujua chanzo, badilisha kitu kimoja, mengine yaache yalivyo. Nilifungua kitabu kuandika, vipande vyangu vitatu vikaanguka mezani. Nikavipanga. Mashine tatu tofauti. Wino tofauti. Karatasi tofauti. Mafundi tofauti. Kosa ni lilelile, midomo ileile, tumbo la "a" limejaa vilevile. Nikajiuliza ni kitu gani kimoja kilichokuwa palepale mara zote tatu.

Dada, nilicheka peke yangu mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa. Kisha sikucheka tena.

Hakuna mashine mbovu. Kila tulikokwenda tulikwenda na Kikongwe, yumo ndani ya mkono wa Baba. Miaka yote hii amekuwa akimkaza ili amtoe herufi za kushoto, na mkono umejifunza hivyo, haujui kufanya vingine. Angeonyeshwa mashine mia, angezikaba zote koo.

Nilimwambia Mama jioni wakati anakunja mifuko. Aliendelea kukunja.

"Unalijua hili?" nilimuuliza.

"Nimeolewa naye. Nimeshaona anavyofunga mfuniko wa chupa ya maji."

"Kwa nini hukusema?"

"Aliyesema yuko wapi sasa?"

Alikuwa anakusema wewe.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwambia. Nilifanya kama nilivyofundishwa: niliweka vipande mezani, nikampa lenzi yake, nikaeleza kwa utaratibu na kwa adabu. Nilisema, "Baba, naomba nikuonyeshe kitu, na nikikosea unisahihishe." Alitazama vyote vitatu, kimoja baada ya kingine. Nilianza kutumaini.

"Kwa hiyo kosa ni langu," alisema.

"Si kosa, Baba. Ni mazoea. Kikongwe ndiye anayetaka nguvu. Hizi hazitaki. Dada alikuwa ana..."

"Umeanza maneno ya dada yako." Akaweka lenzi mfukoni. "Mashine hii imewavisha nyote wawili sare. Kwa mkono huu mzito."

Na ni kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kama ingekuwa uongo ningebishana.

Jumapili, 30 Machi

Hatuongei. Mama anabeba ujumbe baina ya meza na meza kama karani. "Baba yako anauliza kama umeona spana." "Mwambie iko mfukoni mwake."

Jumatano, 2 Aprili

Jua tangu Jumatatu. Si jua la kutania, jua la kuanika godoro.

Nilirudi mapema nikamkuta muuza matairi nje na mkokoteni wa rafu. Nilijificha nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma. Shangazi alikuwa amesimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Mvua imekatika, mama," alisema yule mtu. "Tulikubaliana."

"Imekatika wapi?"

"Tazama juu."

"Naona. Inapumzika. Wewe ukipumzika watu husema umekufa?"

"Siku ya tatu hii."

"Imechoka sana. Rudisha rafu zako, nitakupigia simu."

Aliondoka akinung'unika. Shangazi aligeuka, akaniona, akanivuta sikio taratibu. "Mwenye masikio marefu. Ungekuja mbele ukasikia vizuri."

"Nilidhani unataka matairi."

"Nani anataka matairi? Yananuka." Alikaa kwenye benchi, akavua viatu. "Baba yangu alichapa kwenye ukumbi huu. Mimi nataka kaka yangu achague kitu kimoja bila kukikaba koo. Nilidhani nikimtisha ataharakisha. Kumbe mtu huyu ukimtisha anakaza zaidi."

Nimemwandika vibaya Shangazi kule nyuma. Nilisema sitafuta, kwa hiyo sifuti, ila usisome ule ukurasa bila huu.

Nilimwonyesha vipande vyangu. Aliviangalia, akaangalia mikono yake mwenyewe, akaanza kucheka, tumbo linatikisika. "Kwa hiyo tatizo ni mikono yake kuwa mitupu."

"Sikuelewa, Shangazi."

"Hutakiwi kuelewa. Unajua kusogeza hilo gurudumu?"

Nilimwambia nimesoma, na kwamba wewe ulinifundisha kupiga mihuri, wakati ule nilipokuwa nasimama juu ya kopo la wino. Ulisema, "Gusa kama unamwamsha mtoto, si kama unamfukuza mbuzi."

"Basi Jumamosi tunarudi. Mwenye nusu ya ukumbi hajaridhika na majaribio."

Ijumaa, 4 Aprili

Mama Sharubati amepita na lebo ya wachapaji wengine. Nzuri. Aliiweka mezani mbele ya Baba, kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoumiza. Shangazi amemwalika kesho aje na ndoo yake ya barafu. Baba amesema anakwenda tu ili wanawake wasidanganywe.

Jumamosi, 5 Aprili

Mawingu, bila mvua.

Tulifika, Bwana Broshua akatupokea kama mtu anayepokea wakwe. Fundi alikuwa tayari kwenye mashine ya mabehewa. Nilikuwa nimeomba vitu vitatu kwa simu: stika ileile atakayotumia Mama Sharubati, mabamba ya rangi zote, na vanishi kwenye kituo cha mwisho. Vilikuwepo.

Kabla mashine haijawashwa, Shangazi alimgeukia Baba. "Kaka, nishikie begi." Akampa. "Na mwavuli, mgongo unaniuma." Akampa. Mama Sharubati, ambaye naapa hakuwa ameambiwa kitu, akasema, "Mzee Chapa, na ndoo hii, sakafu yao ina mafuta." Akaitundika kwenye mkono wake mwingine, imejaa barafu mpaka juu.

Baba alisimama pale, begi jekundu la Shangazi kwenye kiwiko, mwavuli kwapani, ndoo mkononi. Alionekana kama kigingi cha kutundikia nguo. Fundi aligeuka akatazama ukuta.

"Binti yangu ndiye atakayesogeza," Shangazi alisema.

"Yeye?" alisema Baba.

"Kwani wewe una mkono mtupu?"

Nilishika gurudumu. Nilifanya kama kitabu cha mashine kinavyosema: nikarudisha bamba nyuma kabisa mpaka stika ikapita nyeupe, haina kitu. Baba akasema, "Haichapi hiyo." Nikasogeza mbele kidogo. Nyeupe. Kidogo. Ikatokea alama ya kijani, nusu herufi, kama mtu anayechungulia. Baba alisogea hatua moja, barafu ikagonga ndoo. "Kaza sasa," alisema. "Kaza, mwanangu, inataka." Nilisogeza kidogo sana, mstari wote ukaonekana, mwembamba, umekamilika. Nikaondoa mkono.

"Bado," alisema Baba.

"Imetosha, Baba."

Tulifanya hivyo kwa kila rangi, na kila rangi alisema bado, na kila mara nikaondoa mkono. Nilichoka zaidi ya siku ya mbio za shule. Fundi alikata lebo, akaiweka mbele yangu, nikampelekea Baba. Ilibidi nimshikie mbele ya uso kwa kuwa hakuwa na mkono. Tumbo la kila "a" lilikuwa wazi. Kijani kimezunguka chungwa bila kuligusa.

"Nigeuzie," alisema.

Nikageuza.

"Nishikie hili begi."

Nikashika. Alipitisha kidole gumba nyuma ya lebo, kutoka kushoto mpaka kulia. Akarudia. Nyuma palikuwa laini kama shavu.

"Hakuna kitu," alisema, lakini si kama alivyosema siku ile.

Mama Sharubati alibandika lebo kwenye chupa, akaizamisha kwenye ndoo ambayo Baba bado ameibeba. Tulingoja. Bwana Broshua alituletea chai, tukainywa yote. Baba hakukubali kuiweka ndoo chini; alisema anataka kuwa na hakika hakuna anayeichezea. Mwisho Mama Sharubati alitia mkono, akatoa chupa inayotiririka maji, akaisugua lebo kwa kucha, akaisugua kwa kitambaa. Ilibaki mahali pake.

"Hii haiogopi," alisema. "Mimi nimemaliza."

Baba alitazama chupa. Kisha akaniuliza, mimi, moja kwa moja, bila kupitia kwa Mama, "Nani amefundisha mkono huo?"

"Dada," nilisema. "Kwenye mihuri."

Baba aliweka ndoo chini hatimaye, kwenye mafuta yaleyale, akakunjua na kukunja vidole vyake vilivyopoa. Aliviangalia kama zana aliyoazimwa.

"Mashine hii mimi nitaivunja," alisema taratibu. "Najijua. Nitaamka siku moja nimesahau, niikaze. Itahitaji mtu."

"Mtu yupo," Shangazi alisema. "Amekasirika tu."

Walitia sahihi wote wawili, kila mwenye nusu yake. Si ya ngoma. Ya mabehewa, vituo vinne, wino wa maji, kikaushio kikubwa. Tulipotoka nje ilikuwa inanyesha, na Shangazi akafungua mwavuli akasema, "Sikuwaambia inapumzika?"

Jumanne, 8 Aprili

Manyunyu. Yatakuwa ya mwisho, wanasema.

Kikongwe amesogezwa kwenye kona ya dirisha. Baba hataki auzwe. Atabaki na kazi za risiti, na Baba atamkaza atakavyo. Sakafu ya katikati imefagiliwa na imepigwa chaki umbo la mashine mpya, tunalizunguka kama kuna mtu amelala. Italetwa mwisho wa mwezi. Fundi atakaa nasi wiki moja na kufundisha mtu mmoja, mmoja tu, ndivyo mkataba unavyosema, na mimi nina mtihani.

Baba hajataja jina lako. Nimeahidi kusema kila kitu, kwa hiyo nasema na hilo. Lakini asubuhi hii nilipotoka kwenda shule, nilikuta aproni yako imetolewa kwenye msumari, ile waliyokuwa wanafutia wino tangu uondoke. Imefuliwa. Nilimuuliza Mama, akasema si yeye. Shangazi akasema yeye hata soksi zake hafui. Imekamuliwa kwa nguvu hata utepe mmoja umekatika, na umeshonwa upya kwa uzi wa kufungia vitabu.

Nampa kondakta daftari hili kesho alfajiri, na nimemwomba asubiri jibu lako, ataondoka huko saa nane. Usiandike kurasa nyingi, usijieleze, mimi nimeshaeleza kwa niaba ya watu wote. Nataka neno moja tu nilisome mbele ya Baba kabla hajajifanya ana kazi: utakuja, na mkono wako bado ni mwepesi?